Aliyeitikia Si Aliyeandika

Risala ya wafuaji, wapiga pasi, wakunjaji na watunza boila wa jengo la kufulia nguo za hospitali, kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, siku ya kuzindua chumba cha vipimo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wetu. Wakuu wa vitengo mlioketi mbele. Wauguzi mliotoroka wodini kidogo kuja kutusikiliza. Na sisi wenyewe, wenye mikono iliyokunjamana kwa maji ya sabuni:

Hamjambo nyote. Kabla sijaendelea, niseme haya nimeyapata wapi. Sehemu kubwa niliambiwa na Mama Pasi mwenyewe, mpiga pasi wetu, juzi asubuhi, tulipokuwa tukikunja shuka, yeye kashika pembe mbili na mimi pembe mbili. Shuka haikunjwi na watu walionuniana, lazima msogeleane. Kila tuliposogeleana alinipa kipande cha habari. Shuka zilipokwisha na maneno yakawa yamekwisha, akasema, "Bibi, yasome yote. Ukipunguza nitajua." Mimi ni mkunjaji wa siku nyingi na bibi wa wajukuu wengi, lakini shule niliiacha madarasa ya chini. Mkiona sentensi imekunjwa vibaya, inyoosheni wenyewe.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu kwenye jengo letu. Tunajua umezoea majengo yanayonong'ona. Hili letu linapiga kelele. Mashine zikianza kuzunguka, hata mtu na mawifi zake wanaishi kwa amani, kwa kuwa hakuna anayemsikia mwenzake. Leo tumezizima ili utusikie.

Kiti ulichokalia, hicho chenye magurudumu, ni kizuri na tumekipangusa. Ila kina mwenyewe. Tumesikia kwamba ukishakata utepe na kunywa chai, wewe na wakuu mtaketi kuamua kama mwenye kiti hicho anafukuzwa kazi au anarudi. Tunakusihi utusikie kwanza. Chai itakungoja, tumeifunika.

Msimamizi wetu, usishtuke. Risala uliyoipitisha wewe ni ile ya glovu na sabuni. Glovu na sabuni bado tunazitaka, tena sana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumeshaumbuka nusu.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, humu ndani kila kitu kinaishi kwa mvuke. Mvuke ndio unaochemsha maji ya kufulia, ndio unaopasha ile pasi kubwa inayomeza shuka upande huu na kuitema upande ule, ndio unaokwenda kwa bomba mpaka kwenye chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Unatoka kwenye boila, chini ya ngazi, na boila linatunzwa na Fundi Mvuke, mwanamume mrefu asiye na maneno. Boila halina mdomo wa kusema limeshiba. Linasema kwa presha na kwa joto. Presha ikishuka, nguo hazitakati. Ikipanda kupita kiasi, tusiombe.

Zamani kazi ya kupima ilikuwa ya watu wawili na dirisha moja. Kila saa Fundi alizisoma geji za mshale, akapanda ngazi mpaka kwenye kidirisha kinachotenganisha boila na chumba cha pasi, akaita: "Presha sita! Joto mia na sitini na tano!" Upande wa pili alisimama binti mpiga pasi na chaki yake. Aliandika ubaoni, kisha akajibu: "Imeingia!" Hiyo ndiyo kanuni yetu, hata aliyeianzisha hatumjui. Fundi haondoki dirishani mpaka asikie "imeingia". Akishalisikia neno hilo, roho yake hutulia, akashuka. Kwetu ni muhuri.

Binti huyo ndiye Mama Pasi. Wengine huposwa kwa wajumbe. Yeye aliposwa kwa presha na joto. Sisi tulijua kabla yao wenyewe. Tulisikia jinsi "mia na sitini na tano" ilivyoanza kurefuka, ikapata madaha, mpaka siku moja ikaja na mkia: "Presha sita, mama!" Naye akajibu "Imeingia" kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa kitu kinachovunjika. Kilichovunjika ni chaki.

Wakaoana, wakazaa, wakaanza kuota mvi, na dirisha likawa lile lile. Nyumbani Fundi ni kimya kama kabati. Maneno yake yote mkewe aliyapata dirishani. "Bibi," aliniambia tukiwa tumesogeza pembe, "wenzangu wanaambiwa wanapendwa. Mimi naambiwa presha. Lakini naambiwa kila saa."

TULIYOFANIKIWA

Mwaka huu uongozi umetuletea maendeleo, nasi tunashukuru kwa dhati. Zile geji za mshale, ambazo moja ilikuwa haisemi kweli mpaka ipigwe kofi, ziliondolewa. Zikaja geji za dijitali zenye tarakimu nyekundu, zinazosomeka hata na sisi tusio na miwani. Ikaja kompyuta. Ubao ukashushwa, sasa tunapangia foronya juu yake. Vipimo vya siku nyingi vinaonekana kwenye skrini kama vilima na mabonde, na namba ikisogelea hatari, kisanduku chake kinageuka chekundu na kengele inalia. Hayo ni mafanikio. Hatuna kinyongo nayo.

Kinyongo tulikuwa nacho na mengine. Kompyuta ilijengewa chumba cha kioo katikati yetu, hiki unachokizindua leo, kikaegemezwa kwenye dirisha lile lile la Fundi. Ikawekewa feni, kwa sababu kompyuta haitakiwi kupata joto. Sisi tuliopata joto tangu ujana tukabandikiwa tangazo la kunywa maji ya kutosha. Na pamoja na kompyuta akaja msichana wa kuiandikia, mwenye cheti, kucha safi, na nywele ambazo mvuke haujazijua. Akakalishwa kwenye hicho kiti. Akawa anakizungusha kidogo kidogo akifikiri.

Hatukumuuliza jina. Tulimpa la kwetu: Bi Harusi. "Mtazameni," tulisema. "Kakaa, anapepewa, wenzake tunahangaika na vyombo." Alipotuamkia asubuhi tuliitikia kwa pua.

Utauliza, Mheshimiwa: kama geji ni za dijitali na kompyuta ipo, msichana wa nini tena? Ni kwamba waya wa kuziunganisha haukuja na mzigo. Tuliambiwa uko njiani. Nadhani unatembea kwa miguu. Hivyo ikawa geji za dijitali upande huu, kompyuta upande ule, na katikati yake koo la Fundi Mvuke. Yeye anasoma, anapanda, anaita. Bi Harusi anaandika na kujibu "Imeingia".

Yaani lile neno likahamia kwa mwingine.

YALIYOTUSIBU

Mama Pasi alikwenda kuuliza kwa nini asiiandikie yeye hiyo kompyuta. "Kwani mimi sina vidole?" Akaambiwa vidole anavyo, cheti hana. Akarudi kwenye meza yake, ambayo sasa ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kile kioo, akashika pasi, na masikio akayaacha dirishani.

Siku za mwanzo Fundi aliita kikavu, kama mtu anayesoma tangazo. Bi Harusi akajibu, "Imeingia, shemeji!" Alisema shemeji kwa heshima, kwa kuwa alimwona Mama Pasi kama dada yake. Lakini mwenye wivu hata heshima humchoma. Kisha ikafika siku ambayo Fundi, kwa mazoea ya ulimi tu, alimaliza namba zake na kuweka mkia: "Presha sita, dada!"

Mashine zilikuwa zimetulia. Wote tulisikia.

"Mwenzetu, umesikia?" akauliza mfuaji mmoja.

"Sijasikia kitu," akasema Mama Pasi.

"Kasema dada."

"Asemeje? Kaka?"

"Hapana, nauliza tu. Wewe hilo la mama ulilipata baada ya muda gani?"

Pasi ndiyo iliyojibu: foronya iliungua pale pale, ikatoka na alama kama ulimi. Mheshimiwa, aliyesema maneno hayo yupo humu, na sisi tuliocheka tupo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kazi yetu sisi ni nguo.

Nyumbani alimkalisha mumewe.

"Ulisemaje leo dirishani?"

"Presha."

"Presha na nini?"

"Na joto."

"Na baada ya joto?"

"Nilishuka."

Hakupata zaidi ya hapo. Alilala macho yakitazama dari, akimsikiliza mwenzake anakoroma bila hatia, na hilo la kukoroma bila hatia likamuudhi kuliko kosa lenyewe.

Fundi naye alikuwa na wivu wake, ila wa mwanamume huvaa nguo nyingine. Agizo jipya lilisema: fundi asome, kompyuta iamue. Asipunguze moto mpaka kengele ilie kutoka kwenye chumba cha kioo. Mtu aliyelitunza boila kama ng'ombe wa maziwa, leo aambiwe asiliguse mpaka kioo kikohoe! Alilimeza agizo kama dawa chungu. "Wamesema iamue," alikuwa akituambia akipita. "Basi iamue. Mimi ni mdomo tu."

Shikilia hapo, mgeni rasmi: mke anayelitamani neno, mume aliyesusa, na sisi wenye midomo.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi kabla ya jua la utosi, mashine zote zinazunguka, sakafu inatetemeka. Fundi akapanda, akaita. Bi Harusi alikuwa anafungua kioo cha dirisha ili asikie. Kabla hajaweka sikio, sauti ikapaa kutoka nyuma yake, kutoka kwenye meza ya pasi, sauti kavu na yenye nguvu ya miaka yote ile:

"Imeingia!"

Mama Pasi aliniapia kwamba hakuipanga. Ilimtoka. "Bibi, ilikuwa kama mtu ameita jina langu." Na Fundi, aliposikia sauti ya mkewe, sauti iliyomwambia tangu ujana kwamba namba imefika salama, roho ikatulia, akashuka.

Bi Harusi alitoka mlangoni. "Samahanini, nani kaitikia? Mimi sikupata namba."

"Kaitikia mwenyewe," tukamwambia.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mume!"

Tulicheka, Mheshimiwa, mpaka mmoja wetu akakaa kwenye kapu la nguo chafu. Msichana akarudi ndani ameinamisha macho. Kisanduku cha saa ile kikabaki kitupu, kwa sababu hakutaka kuandika namba asiyoisikia.

Saa iliyofuata alisimama dirishani mapema. Fundi akaita, mashine zikanguruma, na kabla hajamaliza, "Imeingia!" ikatoka tena mezani kwa Mama Pasi. Safari hii haikumtoka. Aliitoa. "Shemeji, rudia!" Bi Harusi aligonga kioo, lakini aliuona mgongo tu. Fundi alikuwa amesoma presha inapanda, akaiita inapanda, akajibiwa imeingia. Alishuka akakaa, akaikunjia mikono kengele isiyolia. Iamue.

Saa ya tatu ikawa vile vile. Hapo Bi Harusi hakuja kwetu tena. Aliacha hicho kiti, akazunguka korido yote, akashika ngazi kumfuata Fundi kule kule chini aulize namba mdomo kwa mdomo. Alikuwa katikati ya ngazi vali ya usalama, ile inayoachia mvuke boila lisipasuke, ilipofunguka.

Wale ambao hamjawahi kuusikia mvuke ukitoka kwa hasira, msiombe kuusikia. Jengo zima lilikuwa jeupe. Tulitambaa kwa magoti tukiitana. Mwenyezi Mungu alituhifadhi na vali ilifanya kazi yake, hakuna aliyeungua. Lakini boila lilifungwa, shuka safi zilikosekana wodini, na wagonjwa waliokuwa wameandaliwa kupasuliwa walirudishwa vitandani na njaa yao, kwa kuwa vyombo havikuwa na mvuke wa kuchemshwa. Miongoni mwao alikuwepo mtoto wa mtu, na mtoto wa mtu ni wetu.

Kompyuta ikafunguliwa. Visanduku vitupu. Juu yake jina la nani? La Bi Harusi. Mtu mmoja alimwambia, "Jaza tu namba zinazofanana na hizi, jambo liishe." Hatumtaji, maana ameketi mbele na anatokwa jasho, na si kwa joto letu. Msichana akajibu, "Sikuzisikia. Siwezi kuandika nisichosikia." Akasimamishwa kazi siku ile ile, kwa uzembe.

Sasa sikiliza kilichomkosesha Mama Pasi usingizi. Bi Harusi aliulizwa mbele ya watu: nani aliyekuwa akiitikia? Alijua. Sauti ile hapa hakuna asiyeijua. Alimtazama Mama Pasi, kisha akatazama viatu vyake, akasema, "Kulikuwa na kelele."

Hakuitaja.

Tangu hapo Mama Pasi hakulala. Alikwenda kwa msimamizi kusema ukweli, akaambiwa mambo ya wivu wa wanawake hayaingii kwenye taarifa. Akajaribu kumwambia mumewe, mumewe akainamisha kichwa, maana na yeye alikuwa na lake. Mwisho akajitia moyo, akaenda kwa kina Bi Harusi. Mama mzazi ndiye aliyefungua mlango. "Mwanangu hali wala hatoki," alisema. "Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye sauti," akajibu Mama Pasi, akaanza kueleza.

Bi Harusi akatoka chumbani na khanga mabegani. Akasikiliza yote. Akasema: "Dada yangu, ungeniambia tu. Mimi hata uso wa mumeo siujui vizuri. Lile dirisha ni dogo na yeye ni mrefu. Namwona kidevu na shingo. Nikikutana naye barabarani ni mpaka atazame juu ndiyo nimjue."

Mama Pasi alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na yule mama mzazi, ambaye hakuelewa lolote, akaleta maji.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, glovu na sabuni tumeshataja.

Tunaomba waya. Tunakiri kwamba aliyeuomba kwa nguvu kuliko wote ni Mama Pasi, siku zile za wivu, ili mwanamke yeyote asimjibu mumewe, ajibu waya. Sasa tunauomba kwa sababu nyingine: koo la mtu si bomba.

Lakini kabla ya waya, na hata ukishafika, tunaomba mwenye kiti arudi kwenye kiti chake. Waya hauwezi kutoka mlangoni ukauliza, "Nani kaitikia? Mimi sikupata namba." Yeye aliuliza. Sisi ndio tuliojibu upuuzi. Visanduku vile vitupu, Mheshimiwa, si uzembe. Katika jengo zima asubuhi ile, hivyo peke yake ndivyo vilivyosema kweli. Kama lazima mtu aondoke, Mama Pasi amesema aanze yeye, na Fundi amesema yeye ataondoka na mkewe, na hayo ni maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mahali popote pasipo dirisha. Sisi tuliobaki tumekubaliana kwamba tukifuatana hivyo, nguo zenu mtazifua wenyewe.

Tunaomba pia ubao wetu urudi ukutani. Si kwa ajili ya kushindana. Tumeshajaribu utaratibu na tunauona unafaa: Fundi akiita, mwenye kompyuta hujibu kwanza, "Imeingia". Kisha meza ya pasi hujibu, "Imeandikwa". Haondoki mpaka asikie yote mawili, sauti mbili, maneno mawili. Na agizo lile lirekebishwe kidogo: presha ikipanda na kengele iko kimya, fundi auulize ukimya huo, asiukunjie mikono. Hilo ameomba mwenyewe Fundi. Alilisema akitazama ukuta, lakini alilisema.

Na kiti, Mheshimiwa: ukiinuka, usiishushe ile mikono yake. Tumeipandisha kwa kipimo cha mwenye kiti.

MWISHO

Haya ya mwisho nimeyaongeza kwa mkono leo asubuhi, hayamo kwenye karatasi iliyochapwa.

Risala hii tuliiandika jana alasiri, nyumbani kwa Mama Pasi. Fundi alikuwa ametoka zamu, kalala chumba cha ndani, tukimsikia. Mimi niliita sentensi. Bi Harusi aliandika kwenye simu yake, na baada ya kila sentensi akajibu, "Imeingia." Mama Pasi alikaa kwenye kochi na ubao mdogo wa wajukuu mapajani, na baada yake, wala si kabla yake, akajibu, "Imeandikwa." Tulikwenda hivyo mpaka chini. Palipomgusa sana nilisita, akaniambia, "Ita tu, Bibi."

Nikaita ile ya kiti. Bi Harusi akasema, "Imeingia."

Tukangoja. Kanuni ni kanuni. Sikuweza kuendelea bila jibu la pili. Nikaita tena, taratibu. Bi Harusi akaweka kidole mdomoni, akanionyesha. Mama Pasi alikuwa ameegemea ubao wake, chaki bado imo vidoleni, mdomo umefunguka kidogo, amelala. Usingizi wa kwanza tangu siku ya mvuke. Bi Harusi akaitoa chaki polepole, akamfunika kwa ile khanga yake, akachutama sakafuni karibu naye kama mtu anayelinda geji.

Hatukumwamsha atie sahihi. Kama jina lake halipo hapo chini, sababu ndiyo hiyo.

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya, akupe subira ya kusikiliza na mkono mwepesi wa kusamehe. Akulinde na mvuke, na wivu pia, maana wivu hauna vali.

Ni sisi,
Wafuaji, wapiga pasi, wakunjaji na watunza boila,
Jengo la Kufulia.